Sibadilishi Hata Mstari Mmoja

Jumapili, 2 Mangsir

Wiki imeanza kwa matusi. Si matusi ya mdomo. Ya kiufundi, ambayo ni mabaya zaidi.

Menuka Chemjong, binti aliyeingia ofisini kwetu hapa Pulchok, Nepali, akiwa bado na begi la chuo, amesimama mbele ya watu wote na kutangaza kwamba lugha tunayoandikia programu imefika toleo la nane, na sisi bado tunajikokota na la saba. Lazima tuhame kabla msimu wa harusi haujapamba moto. Akaongeza, kwa upole (upole wake unanikera kuliko kiburi), kwamba programu ya ukumbi wa harusi wa mteja wetu Mzee Basnet haitavuka salama, kwa sababu kaka Subodh aliiandika kwa mtindo wa zamani.

Mtindo wa zamani! Mimi!

Nieleze, kwa faida ya vizazi vijavyo. Katika lugha yetu unatengeneza kwanza kalibu, halafu kalibu inafyatua vitu kama matofali. Kalibu ya Harusi inafyatua harusi. Ndani yake kuna amri ya kwanza, tunaiita kiundaji, inayokijaza kitu pale kinapozaliwa: tarehe, bibi harusi, bwana harusi, chakula. Mimi kiundaji nakipa jina lile lile la kalibu. Ndivyo nilivyofundishwa. Ndivyo nilivyoandika ujana wangu wote. Sasa wakubwa wa lugha, watu ambao hawajawahi kunywa hata kikombe cha chai na mimi, wameamua kwamba jina hilo halitambuliki tena. Kiundaji kiitwe kwa jina walilochagua wao. Ukikataa hawakugombezi. Wanakupuuza tu.

Dada Ishwori, mwenye kampuni, akasema atakayeivusha programu ya Mzee Basnet ndiye atakayekuwa mkuu wa mafundi. Nikanyoosha mkono kabla hajafunga mdomo. Nikaapa kuivusha bila kubadilisha hata mstari mmoja.

Menuka akakohoa. Kikohozi cha kejeli. Nakijua.

Jumatatu, 3 Mangsir

Nimewasha toleo la nane kwenye kompyuta ya majaribio. Nikaita harusi. Ikaja. Haina tarehe. Haina chakula. Haina bibi harusi wala bwana harusi. Harusi tupu kabisa, kama ukumbi siku ya mvua! Na lugha yenyewe kimya. Hakuna onyo, hakuna kosa, hakuna hata "samahani mzee".

Menuka akapita na kikombe chake. Akachungulia. Akasema, "Kaka, kiundaji chako hakiitwi. Badilisha majina tu. Nikusaidie? Kufikia jioni tumemaliza."

Nikamwambia mimi na majina yangu tumetoka mbali.

"Sawa, kaka. Ila harusi bila bibi harusi, hata babu yangu kule Taplejung angeuliza."

Wakacheka. Hata mhasibu alicheka, na yule huwa hacheki hata siku ya mshahara.

Mchana, nikitafuna samosa, akili ikafunguka. Kwa nini nihangaike kuumba harusi mpya kila mara, wakati naweza kunakili? Nimetengeneza harusi moja ya mfano, nikaijaza kila kitu kwa mkono. Programu ikihitaji harusi, inachukua ya mfano, inaweka alama ya sawasawa katikati, tayari, nakala! Kisha inaandika juu yake majina na chakula cha wenyewe. Viundaji vyangu vimebaki na majina yao, vimelala kwa heshima.

Nimeongeza mistari, ndiyo. Kuongeza si kubadilisha. Niliapa kutobadilisha.

Jumanne, 4 Mangsir

USHINDI.

Nimejaribu kwa siku yenye harusi moja. Imetoka safi! Majina sahihi, chakula sahihi, ubao wa majina unaowaka kwenye mlango wa ukumbi ukaandika vizuri kabisa. Nimenunulia ofisi nzima jeri za moto, vile vitamutamu vya mviringo vilivyolowa shira. Dada Ishwori akala mbili na kusema kumbe mbwa mzee bado anabweka. Nimelichukua kama sifa.

Menuka hakugusa jeri yake. Akauliza kama nimejaribu siku yenye harusi mbili, maana Alhamisi ni siku njema kwa mujibu wa makuhani na Mzee Basnet ana harusi juu na harusi chini.

Nikamjibu kwamba mbili ni moja mara mbili.

Akasema kwenye lugha hii si lazima iwe hivyo. Akataka kunionyesha jambo kuhusu alama ya sawasawa. Alama ya sawasawa! Mimi niliijua tangu darasa la kwanza! Nikachukua jeri yake, nikaila mbele yake.

Jumatano, 5 Mangsir

Nimekuwa mkuu wa mafundi. Kwa muda, alisema Dada Ishwori, mpaka Alhamisi ipite. Nimehamia kwenye meza ya dirishani. Kutoka hapa naona mpaka duka la vitambaa, na mpaka kioo cha kompyuta ya Menuka, jambo ambalo ni muhimu zaidi.

Nikamwona anaandika jaribio la harusi mbili. Kwa siri! Yaani kwa siri mbele ya macho yangu. Nikamwita na kumwagiza, kama mkuu wake, apange vitabu vya kabatini kwa alfabeti. Akasema, "Kaka Subodh, hawa ni watu wanaooana. Siku yao ni moja tu. Mimi na wewe tutagombana wiki ijayo tena."

Nikamwambia vitabu vianzie na A.

Akaenda kwa Dada Ishwori. Nami nilishatangulia, nikamwambia dada kwamba binti ana wivu, maskini, tumvumilie. Dada akaamini. Mtu mwenye jeri mbili tumboni huamini.

Nimevaa koti jipya. Nirmaya, mke wangu, akauliza tunakwenda kumzika nani.

Alhamisi, 6 Mangsir

Naandika haya nikiwa nanuka koliflawa. Nitaeleza.

Juu palikuwa na harusi ya familia ya Upadhyaya. Watu wa mboga tupu. Kwao hata yai halivuki kizingiti. Chini palikuwa na harusi ya familia ya Maharjan, Wanewari hasa, ambao sherehe bila nyama ya nyati ya kuchoma na aila, pombe yao kali ya mchele, wataihesabu kuwa ni mkutano wa wazazi shuleni.

Mchana simu ikalia. Mzee Basnet. Hakusalimu.

"Subodh! Mbao zangu zote mbili zinasema Kiran anamwoa Sunayana!"

Nikamwambia hongera kwa Kiran.

"Kiran ni wa chini, mpumbavu wewe! Wa juu yuko barabarani na tarumbeta, na bibi yake haitwi Sunayana! Na karatasi za jikoni zinasema nyati! Juu nyati, chini nyati! Wapishi wangu wamechoma nyati tangu asubuhi!"

Menuka alikuwa ameshachukua kofia ya pikipiki. Sikualikwa. Nikapanda nyuma yake kwa sababu mkuu wa mafundi lazima awepo.

Tulipofika ukumbini, kule Satdobato, bendi ilikuwa imenyamaza. Bwana harusi wa Upadhyaya ameketi ndani ya gari lenye maua, anaangalia ubao unaomwoza mtu mwingine. Mama yake analia na kuuliza kila apitaye kama wamekosea siku. Babu yake, mwalimu mstaafu wa sarufi, amesimama mlangoni na fimbo yake akiwa amezuia msafara mzima, kwa sababu sinia la nyati lilikuwa limempita puani. Na huko juu, tukasikia, bibi harusi amevua bangili. Alidhani familia ya mume wamebadilisha mawazo na kumleta mwingine.

Hapo, kwa dakika chache, nilijificha nyuma ya pikipiki. Naandika ukweli. Kisha nikajitokeza.

Menuka akafungua kompyuta yake juu ya kiti cha pikipiki. Akaongeza neno moja. Moja! Lile linaloiambia lugha inakili kweli. Mbao zikazimika, zikawaka, na kila mtu akapata mke wake. Akakimbia juu mwenyewe kumwonyesha bibi harusi picha ya ubao. Akarudi akisema bangili zimevaliwa.

Babu wa sarufi akataka kujua ni nani aliyefanya hivi. Vidole vingi vilinielekea. Nikamweleza kwa utulivu kwamba kosa ni la lugha. Mimi niliandika kwamba harusi ya juu ni sawasawa na ya mfano, na ya chini ni sawasawa na ya mfano. Mtu yeyote mwenye akili angeelewa kwamba nataka nakala mbili. Lugha, kwa ukaidi wake, haikunakili chochote. Ilichukua ile ile moja na kuipa jina la pili na la tatu. Kila nilichoandika kwa Maharjan kikawafuta Upadhyaya.

Babu akagonga fimbo yake chini.

"Kwa hiyo ulikuwa na mtoto mmoja, ukampa majina mawili, ukashangaa hukupata mapacha?"

Nikasema lugha nzuri ingewaleta mapacha.

"Mwanangu, nimefundisha sarufi maisha yangu yote. Lugha haijali ulichotaka kusema. Inasikia ulichosema."

Nikamwambia hiyo ndiyo kasoro ninayoilalamikia.

Akanikabidhi kwa Mzee Basnet. Mzee Basnet akanikabidhi jikoni. Sufuria mpya zilinunuliwa, nyati wote wakashushwa chini, ambako akina Maharjan waliwapokea kwa shangwe, na chakula cha Upadhyaya kikaanza upya kutoka sifuri. Nilimenya viazi. Nilichambua koliflawa. Nikiwa na koti. Mpishi mkuu, mama mmoja mwenye mikono kama makasia, alinifokea, "Wewe wa kompyuta! Vipande vidogo! Unalisha watu au ng'ombe?"

Walikula wamechelewa, lakini walikula. Tarumbeta zikarudi. Babu wa sarufi alicheza na Menuka. Mimi hakuna aliyenialika kucheza.

Ijumaa, 7 Mangsir

Menuka ndiye mkuu wa mafundi. Si kwa muda.

Dada Ishwori aliniita ndani, akafunga mlango, akaniambia mambo ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi ya heshima. Akanipa njia mbili: nibadilishe jina la kila kiundaji nilichowahi kuandika, kimoja kimoja, chini ya usimamizi wa Menuka, au nikatafute kampuni inayoishi bado kwenye toleo la saba. Nikauliza kama anaijua yoyote. Akafungua mlango.

Nilitegemea Menuka anicheke. Hakunicheka. Alivuta kiti karibu na changu, akaweka vikombe viwili vya chai, akasema, "Kaka, tuanze pamoja. Wewe unaijua programu hii kuliko mtu yeyote. Mimi nimejifunza kwa kuisoma yako, wajua?"

Sikujua. Nikanywa chai.

Kisha nikamwambia kwamba mwenye kupaswa kuomba radhi ni alama ya sawasawa, na nikaenda kusimama dirishani. Dirisha si langu tena. Nilisimama hivyo hivyo.

Jumamosi, 8 Mangsir

Siku ya mapumziko. Nirmaya amenipa nguo za kuanika. Nimeanika nikifikiri.

Nimeichunguza wiki nzima kwa haki, bila kujipendelea. Nani alikosea? Si mimi, mimi nilisema wazi nilichotaka. Si Mzee Basnet. Si nyati. Hata Menuka, nikijilazimisha, namwachia huru. Kosa ni la lugha. Mtu hawezi kuishi chini ya lugha inayobadilisha sheria zake bila kumuuliza.

Kwa hiyo mchana huu nimeanza kuandika lugha yangu mwenyewe.

Kiundaji kinaitwa jina ninalotaka. Alama ya sawasawa inanakili, na inanakili kwa heshima. Haitabadilika kamwe. Kamwe! Nirmaya akauliza ni nani atakayeitumia. Nikamwambia Nepali nzima, baadaye dunia.

Toleo la kwanza lilikamilika wakati wa chai. Nikaliandikia programu ndogo ya mfano, ikafanya kazi vizuri ajabu. Kisha nikaona kasoro chache, nikatoa toleo la pili kabla ya chakula cha jioni. Toleo la pili haliwezi kusoma programu ile.

Sioni tatizo. Aliyeiandika aliiandika kwa mtindo wa zamani.