Reki Pana Kuliko ya Shemeji

Jumatatu, 8 Julai

Bibi Wiersma ameamua kutushindanisha. Mimi na shemeji Delwyn, kaka yake mke wangu! Tangu bibi huyu afiwe na mumewe, shamba lake la alfalfa, majani ya kulisha ng'ombe, halijapata mtu wa kudumu. Kwa mkato huu wa majani kaligawa pande mbili: nusu yangu, nusu ya Delwyn. Atakayemwonyesha majani makavu yaliyo bora ghalani ndiye atakayekodishwa shamba lote mwaka ujao.

Lavonne, mke wangu, kasema tukilikosa, ng'ombe wetu watapitisha majira ya baridi kwa majani ya kununua. Kwa nani? Kwa Delwyn! Mungu apishe mbali.

Delwyn mwenyewe bado anakusanya majani kwa reki ya trekta ya marehemu baba yake, ile nyembamba ya fito, inayokwenda polepole utadhani inaogopa kuyaamsha. Maskini ya Mungu. Kesho naenda kutafuta reki ya mwanamume.

Jumanne, 9 Julai

Nimekwenda kwa muuza mashine. Bwana mwenye subira ya kuudhi. Ameniuliza mashine yangu ya kufunga marobota ina mdomo wa upana gani. Ameniuliza kama shamba lina mawe. Ameniuliza kama huwa nakusanya asubuhi kukiwa na umande au jua likishapanda. Nikamwambia nimekuja kununua reki, sikuja kwa daktari.

Akasema kwa mashine ndogo kama yangu, reki moja ya kuzunguka inatosha. Inakusanya majani kwa mistari myembamba, na haipukutishi majani ya alfalfa. Inatosha! Nani aliwahi kuonewa wivu kwa kitu kinachotosha?

Ndipo nikaiona nyuma ya banda. Magurudumu kumi na sita, kila moja na meno yake, mabawa mawili, rangi ya njano. Ikikunjuliwa inaziba barabara. Nikauliza kama Delwyn amewahi kuiulizia. Hapana, hajawahi. Basi, ushauri wote niliouhitaji nikawa nimeupata. Nimemwachia muuzaji na reki yangu ya zamani, nisije nikashawishika kurudi nyuma.

Jumatano, 10 Julai

Nimeileta nyumbani kwa njia ya kuzunguka. Ni bahati tu kwamba njia hiyo inapita mbele ya chama cha ushirika saa ya kahawa. Ni bahati pia kwamba nilipita mara mbili.

Delwyn akatoka na kikombe mkononi. "Shemeji, hiyo ni reki au unatujengea daraja?" Wote wakacheka. Kicheko cha wivu, nakijua.

Reki imekataa kupita kwenye lango la Bibi Wiersma. Nikang'oa nguzo moja. Bibi alikuwa dirishani jikoni akinitazama. Nikampungia mkono, hakunipungia. Nadhani alikuwa ameduwaa kwa furaha.

Tumeshakata, kila mtu nusu yake. Sasa ni jua lifanye kazi.

Ijumaa, 12 Julai

Delwyn kakusanya majani yake alfajiri, umande haujakauka, eti yasipukutike. Mshamba! Mimi nikangoja adhuhuri, watu wanaporudi nyumbani kula, barabara ikiwa na watazamaji.

Reki yangu ilikula nusu shamba kufumba na kufumbua. Mistari minene, mirefu, ya kutisha. Pembeni ya mistari, ardhi ilikuwa ya kijani. Vumbi zuri la kijani, kila mahali.

Bibi Wiersma akaja na mkongojo wake. Akaokota bua, akaligeuzageuza, akauliza majani yake yamekwenda wapi. Nikamwambia yamo humo ndani, bibi, yamejificha. Akasema ng'ombe wa marehemu mumewe walikuwa wakila majani, fimbo walikuwa wakichapwa nazo. Mzee huyu ana ulimi!

Jumamosi, 13 Julai

Siku mbaya. Mashine ya kufunga marobota haiwezi kumeza mistari yangu. Inabugia, inakohoa, inakwama. Nashuka, nachomoa majani kwa mikono, napanda. Inakwama. Nashuka tena.

Lavonne, aliyekuwa akiendesha trekta, akasema tuigawe mistari kwa reki ya zamani. Kisha akakumbuka reki ya zamani iko wapi. Akasema basi tuazime ya kaka yake. Nikamwambia afadhali nitumie uma wa mezani. Akaenda bandani akaniletea uma wa majani, akaupiga chini mbele yangu.

Jioni Delwyn, aliyekwishaingiza robota lake la mwisho ghalani, akaja hadi ukingoni mwa nusu yangu. "Shemeji, nilete kareki kangu tuigawe hiyo mistari? Tukisaidiana tunamaliza leo." Nikamshukuru, nikamwambia mambo yangu yako sawa kabisa. Akatazama mawingu ya magharibi, akanitazama mimi, akaenda zake. Sehemu kubwa ya majani bado iko chini.

Jumapili, 14 Julai

Huku kwetu Iowa Jumapili hakuna anayegusa kazi. Ukiwasha trekta hata kwa kuijaribu tu, mzee wa kanisa anakuwa na habari kabla hujaizima. Kwa hiyo nilikuwa na mpango wa kiroho.

Mchungaji Roelofs alipouliza nani ana haja ya kuombewa, mkono wangu ukawa wa kwanza. Nikasimama, nikaomba siku chache za jua kwa ajili ya ndugu wenye majani shambani. Nilisema vizuri. Sauti ilitetemeka palepale nilipoipangia.

Delwyn akasimama. Akasema kwa upole kwamba mahindi yameanza kujikunja kwa kiu, tuombe mvua. Kanisa zima likasema amina. Kwa sauti! Hawa watu wasiosema amina hata kwenye harusi! Kila mmoja wao ana mahindi. Hata mimi ninayo, ila leo nilikuwa nimeyasahau.

Mchungaji akaombea yote mawili, akamwachia Mungu apange foleni. Matone yakaanza kugonga madirisha mahubiri yakiwa katikati, tukinyonya, kama desturi yetu kanisani, pipi ya pili ya mnanaa. Watu wakatabasamu. Mimi peke yangu niliinamisha kichwa, na sikuwa nikisali. Niliumia, naandika hapa kwa kuwa hakuna asomaye. Lavonne akanisukumia pipi yake, akaninong'oneza nile.

Jumanne, 16 Julai

Majani yangu yamekuwa meusi, yananuka ukungu. Bibi Wiersma katuita wote jikoni kwake, katupa kahawa na keki ya lozi. Shamba kampa Delwyn. Mimi kanipa kazi ya kurudisha nguzo ya lango.

Delwyn akasema majani atatuuzia, hawezi kuacha ng'ombe wa dada yake walale njaa. Wema wa kukera! Lavonne akamshukuru kaka yake mara mbili, mbele yangu. Ningependelea anitukane.

Alhamisi, 18 Julai

Nimekaa nimetafakari, na kosa nimeliona. Reki haina kosa lolote. Kosa ni la mashine ya kufunga marobota, ina mdomo mdogo mno. Muuzaji anayo moja kubwa, ya marobota ya duara, itameza mistari yangu bila kutafuna. Inahitaji trekta yenye nguvu zaidi, hilo si tatizo. Tatizo ni kwamba mashine ya namna hiyo kwenye kishamba kama cha Bibi Wiersma ingekuwa aibu.

Shamba linaloifaa ni la Marvin Kooima, kule mtoni. Marvin yu mgonjwa kitandani tangu Pasaka. Kesho asubuhi nampelekea mkewe pai ya tufaha, kumpa rambirambi.

Lavonne kauliza rambirambi za nini, wakati Marvin bado yu hai. Najua yu hai! Ndiyo maana nawahi, kabla Delwyn hajaanza kumhurumia huyo mama.