Ratiba Kumi na Mbili za Bwana Kesho

Siku Bwana Kesho alipomsikia mwalimu mkuu mstaafu akimwambia karani wa benki kwamba yeye na wastaafu wenzake kumi na mmoja wanataka kwenda mbugani kumwona chui, alisahau shida iliyompeleka benki. Aliacha foleni akiwa wa pili kutoka dirishani. Aliyewahi kupanga foleni ya benki mwisho wa mwezi anajua hiyo ni sadaka ya namna gani.

Jina la Bwana Kesho hakupewa na mama yake, alipewa na wateja. Alikuwa na chumba juu ya duka la fotokopi, chenye meza, ramani na picha kubwa ya mnyama mwenye milia, na humo aliuza safari za kuona wanyama, ambazo zote zilikuwa zinaondoka kesho. Mwaka uliopita mkunga mmoja mstaafu alimlipa kwa simu, bila kuonana naye, akaenda kusubiri gari kwenye kituo cha mafuta akiwa amevaa kofia mpya. Gari halikuja. Bwana Kesho alibadilisha laini ya simu na kulala usingizi mnono. Mimi kisa hiki nakisimulia kwa kucheka, lakini hapo sicheki.

"Shikamoo mwalimu," alisema, akimfuata mama yule nje ya benki.

"Marahaba. Niliwahi kukufundisha?"

"Ningepata bahati hiyo, leo ningekuwa mbali. Mimi ni mtaalamu wa safari za mbugani. Chui namjua mpaka anapolala."

Asubuhi iliyofuata mwalimu alipanda ngazi za duka la fotokopi akiwa na daftari na kalamu nyekundu. Akasimama mbele ya ile picha.

"Huyu ni nani?"

"Chui, mwalimu. Ndiye mkubwa wao."

"Huyu ni chui milia. Bara hili zima hana hata shemeji. Nipe ratiba."

Bwana Kesho aliandika nusu ukurasa: siku ya kwanza simba, siku ya pili tembo, siku ya tatu waliobaki. Mwalimu aliisoma yote, akazungushia hiki, akakata kile, na chini akaandika tisa kwa mia.

"Tunalala wapi? Tunakula nini? Mmoja wetu ana kisukari, watatu wana magoti mabovu. Choo ni baada ya mwendo gani? Rudia."

Mtu mwenye akili timamu angetoka nduki hapo hapo. Lakini Bwana Kesho alikuwa ameshawaona wastaafu kumi na wawili wakilipa nauli kamili, na tamaa ilikuwa imemkaba koo. Akarudia. Ratiba ya tano ilimlazimu kuwapigia simu askari wa mbuga kuuliza chui hutoka saa ngapi. Kufikia ya nane, yeye ambaye hajawahi kuona mnyama mkubwa kuliko mbwa wa mwenye nyumba, alikuwa akigombana na mapokezi ya kambi kuhusu matundu ya vyandarua. Na niseme ukweli: ile ya kumi, alipoandikiwa sabini na moja, aliibandika ukutani kwa siku mbili, mpaka mwalimu alipokuja kuichukua akaiweke na zile nyingine.

Ya kumi na moja ilipata themanini.

"Bado vielelezo," mwalimu alisema. "Risiti ya kambi na ya gari. Siku hizi kuna matapeli."

"Matapeli, mwalimu?" Bwana Kesho alishika kifua. "Dunia imeharibika. Basi nyinyi mkitanguliza kidogo..."

"Tanguliza wewe. Siku ya kuondoka utapewa bahasha kumi na mbili, mkononi, kabla gari halijawashwa."

Aliuza televisheni. Akauza makochi. Akamaliza na akiba yake, akalipia kambi siku tatu na gari kwenda na kurudi, akabana risiti kwenye ratiba ya kumi na mbili na kumkabidhi mwalimu. Hicho ni chambo tu, alijiambia. Angepokea bahasha, angeshuka kununua maji, halafu dereva angejua mwenyewe la kuwaambia wazee wa watu.

Kituo cha kukutania alikichagua mwalimu: kile kile cha mafuta. Wastaafu walifika wote kabla ya saa moja, wana darubini, wana dawa zao kwenye vimfuko. Mama mmoja mwenye kofia alikaa kiti cha mbele.

"Karibu sana mama," Bwana Kesho alimwambia.

"Ahsante. Nimesubiri muda mrefu."

Alicheka naye kama anavyocheka na wateja wote. Akapokea bahasha moja moja, nene, zimebandikwa vizuri, akazitia kwenye begi.

"Mwalimu, niwachukulie maji mara moja."

"Nenda mwanangu. Usikimbie, utaanguka."

Alikimbia. Nyuma ya choo cha kituo alichana bahasha ya kwanza, akakuta ratiba yake ya kwanza: tisa kwa mia. Ya pili, kumi na nne. Alizichana zote, na gari likawaka, likapiga honi mara mbili, likaondoka. Ya mwisho ilikuwa ile ya kumi na mbili, risiti zake zimebanduliwa. Chini yake, kwa wino mwekundu: *Tisini na mbili. Kazi nzuri sana. Ukijituma unaweza. Aliyekaa mbele ni mdogo wangu, mkunga. Anakushukuru kwa safari yake.*

Bwana Kesho alikwenda kukaa kwenye benchi karibu na pampu, makaratasi mapajani. Hakuwa na hata kochi la kurudia nyumbani. Mhudumu wa mafuta alimtazama, akamaliza kujaza pikipiki, akamsogelea.

"Kaka, unasubiri gari?"

Bwana Kesho alianza kuyapanga makaratasi, la kwanza mpaka la kumi na mbili.

"Nakuuliza tu," mhudumu alisema. "Mwaka jana mama mmoja alikaa hapo hapo kutwa nzima. Mimi ndiye niliyemwambia arudi nyumbani."