Kalubi Bila Ngazi

Ruphin alikuwa hajamaliza kufunga breki ya baiskeli yake ya mikono, ile ya magurudumu matatu iliyompa jina la Guidon, yaani usukani, Faradji alipoingia kwa Rachida muuza kahawa akihema kama mbuzi aliyenusurika sikukuu.

"Watu wa kahawa! Utalii umefika Kasongo!"

Faradji wanamwita Antena. Habari ikikohoa Kabambare, yeye yuko Kasongo anaitafutia dawa.

"Umefika na pikipiki ao na miguu?" Rachida akauliza, akimimina kahawa bila kuinua kichwa.

"Redio imesema! Komite ya utalii inataka watu waje kuangalia maporomoko ya Kalubi. Watajenga ngazi ya mawe toka juu mpaka chini, na ile miti yote mikubwa watakata, mugeni aone maji vizuri."

Hippolyte akaweka kikombe chini. Yeye ndiye Ambassadeur, balozi, kwa sababu alikaa kidogo Kindu kwa shemeji yake akarudi anasemea puani.

"Enfin! Maendeleo! Miye naona hoteli upande huu, uwanja wa ndege upande ule, Wazungu wanakula sombe kwa kisu na uma!"

"Na miye?" Ruphin akauliza.

"Weye nini?"

"Miye nitashuka ngazi na nini?"

Ruphin alizaliwa nyuma ya kilima cha Kalubi. Tangu polio imchukue miguu, kila masika alikuwa akisikia Kalubi ikinguruma. Wenzake wanarudi wamelowa, wanasimulia, naye anacheka pamoja nao kama mtu aliyekuwepo. Hakuwahi kuiona.

"Guidon, usiharibu mipango ya taifa," Hippolyte akasema. "Utalii iko ya watu wenye miguu. Weye tutakupigia picha."

"Picha ya ugali haishibishi. Na mugeni mwenye fimbo? Na mama mwenye mimba? Na koko mzee mwenye magoti yanayolia? Wote hao utawapigia picha?"

Régina, mwenye mashamba huko huko Kalubi, wanayemwita Mama Muhogo, akapiga meza. "Na hiyo miti mukiikata, jua itakausha maji! Mutachinja kuku ili wageni waone yai? Kisha ngazi ya nini? Siye kila siku tunapandisha muhogo kwa kinga, baiskeli zetu, tunazungukia shambani kwangu. Ile njia inateremka polepole, kama nyoka aliyeshiba. Kinga yenye magunia inapita, Guidon atashindwaje?"

"Bongo, uongo mtupu! Mutalii utamupitisha njia ya muhogo?"

"Bongo tutaiona Jumamosi," Ruphin akasema, akajishangaa mwenyewe.

Jumamosi wakaenda kweli. Régina mbele na panga, akifyeka majani yaliyolalia njia. Rachida na Faradji nyuma, wameishika baiskeli kwa kamba isije ikakimbia mteremkoni. Hippolyte, na viatu vyake vilivyochongoka, akakataa.

"Miye napita raccourci, njia ya mkato, pale ngazi itajengwa. Mutanikuta chini."

Walikuwa kwenye kona ya pili waliposikia "Mamaa!" Ambassadeur akapita katikati ya migomba akiteleza kwa matako, kofia yake ikimfuata nyuma kama mlinzi.

"Kweli inafupisha," Rachida akasema.

Kona ya mwisho ikaja na baridi, na mvuke ukampiga Ruphin usoni. Wenzake walimsimulia ukubwa wa maji. Hakuna aliyemwambia kwamba chini pale huwa kuna upinde wa mvua mdogo, karibu kabisa, kama kitu cha kuokota. Akateremka kitini, akatambaa mpaka kwenye mawe, akatia mikono yote miwili majini, akaiacha humo.

"Kumbe," Ruphin akasema baadaye. "Kumbe hii muko nayo, na munaongea ya hoteli."

Kurudi, kifundo cha mguu wa Hippolyte kilikuwa kimevimba kama embe. Wakamkalisha nyuma ya baiskeli, mahali pa mizigo. Faradji akawatangulia mbio kutafuta dawa ya kukanda. Ruphin akazungusha pedeli za mikono, wanawake wakasukuma, na juu wakakutana na watu wa komite wakipima ngazi kwa kamba.

Mama Estelle, mkubwa wa komite, akaangalia alama za magurudumu kwenye udongo. "Mumetoka chini kabisa? Na hii?"

"Na hii, na ambassade nzima nyuma," Ruphin akajibu.

Hippolyte akainua kidole. "Madame la Présidente, ngazi ni hatari kwa taifa."

Mama Estelle akacheka mpaka akashika mti. Kisha akaupigapiga ule mti kwa kiganja, akawageukia watu wake. "Kunjeni kamba. Tutapanua njia ya Mama Régina, na miti ibaki. Guidon, siku ya kufungua, weye ndiye utawatangulia wageni."

Ruphin akageuza baiskeli. Alizungusha mikono mpaka mjini bila kusikia uzito.

Walipokaribia kwa Rachida wakasikia vilio. Wanawake walikuwa wamekaa chini, vitambaa vimefungwa viunoni: Antena alikuwa ametangaza kwamba Ambassadeur ameanguka Kalubi na analetwa kwa magurudumu. Wasikilizaji wakamalizia kifo wenyewe.

Ruphin akanyoosha mkono apige kengele, watu wajue. Hippolyte akamshika bega, akamwinamia sikioni.

"Polepole, Guidon. Kengele uache kwanza. Nataka nisikie wananisifu namna gani."