Fizi Zangu na Maji ya Barafu

Jumatatu, 14 Januari
Joto la kukaanga mayai juu ya bati. Duara la terere, kinywaji chetu cha majani kwa maji baridi, mlangoni kwangu, kama kila siku kwa miaka thelathini. Mmiminaji ni mimi: pembe ya ng'ombe ya kunywea kwa zamu, majani, mrija wa chuma, maji ya barafu. Nikavuta funda la kwanza. Mama yangu! Jino kama limepigwa na umeme. Ikanitoka, "Asante!" Balaa. Kwenye terere anayeshukuru ametosheka, anatoka. Mwenye nyumba kutoka kabla ya wageni! Mzee Anastasio, fundi viatu, akauliza kama tunafukuzwa. Bi Perpetua wa nyumba ya pili akanyakua pembe, akamimina yeye. Eti, "Pumzika, dada, umri nao una haki yake." Umri! Amenizidi miezi minne.

Jumanne, 15
Nimepata mpango. Maji ya vuguvugu chupani, vipande viwili tu vya barafu vigonge-gonge kuwazuga. Mzee Anastasio akatema hadi barabarani. Akataka kujua kama nimenawia miguu kwanza. Perpetua akatangaza kuwa kesho ni kwake, ana jokofu jipya. Jokofu! Na uso wake ule.

Jumatano, 16
Wamekwenda kweli. Viti vyangu vitupu, mbwa kalalia kimoja. Nisipoweza kunywa baridi, duara limekwisha kuwa lake.
Binti yangu Zunilda akanikokota kwa daktari wa meno. Msichana, hata ndoa hana. Akachungulia kwa kioo chake, akasema fizi zimerudi nyuma, shingo za meno zimebaki uchi, tena zimelika. Napigaje mswaki? Nikamweleza kwa fahari: brashi ngumu, magadi na chumvi, kushoto kulia, mpaka povu liwe jekundu. Ndivyo ninavyosugua masufuria! Akasema basi mlaji wa meno ni mimi mwenyewe. Mimi, kwa usafi wangu! Nikamwambia, mwanangu, meno haya yote nilikuwa nayo kabla mama yako hajaota titi. Akajibu ndiyo bibi, na kwa mwendo huo utayazika wewe. Fizi zikishuka hazioti tena kama nyasi.
Hana adabu. Ila mkono wake mwepesi. Akaziba shingo nne kwa dawa ngumu, nyeupe kama jino. Akanipa mswaki laini kama nyusi za kichanga, niushike kama kalamu. Darasa la tatu niliachana na kalamu, leo niirudie mdomoni?

Ijumaa, 18
Nikaenda kwa Perpetua bila kuitwa. Nikaketi. Pembe ikanifikia, barafu tupu. Nikavuta mpaka mrija ukakoroma. Sikukunja hata nyusi! Ya pili, ya tano, ya saba. Na mmiminaji gani huyu? Anayazamisha majani yote kwa mara moja, anakoroga mrija kama uji. Duru ya tatu hakuna ladha. Mzee Anastasio akanong'ona kuwa anakunywa maji ya kuoshea mboga. Nikasema kwa sauti kwamba kwangu majani bado yapo. Wakabeba viti vyao. Hao! Barabara nzima imeona.

Jumapili, 20
Perpetua kaja baada ya misa, mpole kama ametoka kuungama. Anataka siri. Anawezaje mtu wa miaka sabini na moja kunywa barafu hivyo? Nimtaje yule msichana na kioo chake? Thubutu! Nikamwambia siri ni nguvu ya mkono. Kufika saa tano nina wanawake watano uani, kila mmoja na brashi ngumu na magadi yake. Nikawakemea: kaza, mnapapasa paka? Perpetua akatema povu jekundu, akaogopa. Nikampongeza, ni uchafu wa miaka hiyo unatoka.
Nikawaonyesha mwenyewe, kwa mikono miwili. Kitu kidogo kigumu, cheupe, kikadondoka kwenye beseni, ting!
Jiwe. Magadi ya siku hizi hawayachekechi vizuri.