Mng'aro wa Wimbo wa Lella Habouba

Jumatatu, 8 Julai

Nimeamka fundi. Nimejiangalia kwenye kioo na sikuona wa kubisha. Lella Habouba, mwimbaji anayegombewa na kila harusi hapa mtaani kwetu Halfaouine, amerekodi wimbo mmoja na kuwapa watu wawili waumiksi, yaani wasawazishe sauti zake: mimi na binamu yangu Zied. Ijumaa anakuja kusikiliza. Atakayempendeza ndiye atakayemtengenezea nyimbo zote za msimu.

Mama naye ametoa amri. Nikishindwa, chumba changu cha juu ya paa, yaani studio, kinageuka ghala la kuskusi, na mimi nakwenda kukaanga vimkate vya fricassé kwenye kibanda cha Mjomba Hédi. Mikono hii!

Sina wasiwasi. Nina plagini tano, vijiprogramu vya kung'arisha sauti. Unaweka moja kwenye kompyuta, inaongeza ule mng'aro wa juu, wimbo unametameta kama sinia la shaba lililosuguliwa. Zied amepiga simu kunionya. Eti zumari la mfuko wa ngozi ya mbuzi lililomo kwenye wimbo linakata sikio lenyewe, halihitaji kunolewa. Wivu mtupu.

Jumanne, 9 Julai

Majaribio. Plagini ya kwanza: tamu, lakini ina majivuno. Ya pili: inang'aa kama jino la dhahabu kwa mtu asiyetabasamu. Ya tatu niliifungua mpaka mwisho. Zumari likapaa, njiwa wa jirani wakaruka wote, hawajarudi. Mama akapanda ngazi kuuliza ni nani ananoa visu juu ya paa lake. Nikamweleza kuwa hayo ni maendeleo. Akasema basi maendeleo yapunguzwe, kichwa kinamgonga. Kwenye ya nne akapanda tena, safari hii na kitambaa cha siki kwenye paji la uso.

Jumatano, 10 Julai

Nimeipata. Ya tano! Nilikuwa nabonyeza kitufe chake, nawasha, nazima, nalinganisha, mara Mama akaniita nikabebe mtungi wa gesi. Niliporudi nikafungulia spika, nikafumba macho. Loo. Laini, wazi, Lella Habouba yumo chumbani kama amekaa kwenye godoro langu, heshima zote. Nikazungusha vitufe vingine mpaka chakula cha mchana, na kila nilipozungusha nilisikia tofauti ambayo mtu wa kawaida hawezi kuisikia.

Hata taa yake haiwaki. Zile nne zinawasha taa za njano kama gari la bwana harusi. Hii haina makuu, inapiga kazi kimya kimya. Na Mama hajapanda ngazi hata mara moja. Kichwa kimepoa. Nani kamponya? Mwanawe.

Ijumaa, 12 Julai

Nimeshinda. Naandika nikiwa nimesimama.

Lella Habouba alikuja na Ami Mongi, mzee anayempigia zumari. Wakasikiliza kazi ya Zied. Lella Habouba akasema amebanwa humo kama amevalishwa gauni la mdogo wake. Kisha ya kwangu. Ami Mongi akafuta macho. Lella Habouba akasema miaka yote hii watu wanamrekodi na hajawahi kujisikia alivyo. Mimi ndiye wa kwanza kumwacha aimbe. Nikamwambia ni sikio tu, mtu huzaliwa nalo. Mama akapiga vigelegele mpaka jirani akauliza tunamwoza nani.

Kuskusi imeahirishwa. Jumapili mpwa wa Lella Habouba anaolewa, na ataingia ukumbini na wimbo huo.

Jumamosi, 13 Julai

Zied alikuja kunipongeza. Nikamwonyesha plagini. Akainamia skrini, kisha akakaa kwenye godoro, akacheka mpaka akaomba maji. Eti taa haiwaki kwa sababu plagini imezimwa. Tangu Jumatano! Eti nilichompa Lella Habouba ni wimbo mtupu, kama ulivyotoka kinywani mwake. Akaapa hatamwambia mtu, mradi nisiguse kitu tena. Mama alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akasema iache hivyo hivyo, mwanangu, nakuomba kwa maziwa niliyokunyonyesha.

Nimetafakari. Wao wanaona kosa, mimi naona ushahidi. Ikiwa plagini niliyoichagua mimi inashinda imezimwa, ikiwashwa itafanya nini?

Jumapili, 14 Julai

Niliiwasha. Mpaka mwisho. Zile nne nikazipanga juu yake, zisijisikie vibaya.

Bibi harusi akatokea mlangoni. Zumari likaanza. Watoto wachanga wakalia wote kwa pamoja. Bibi harusi akaziba masikio, shada likaanguka, shangazi yake akalikanyaga. Ami Mongi akauliza ni nani huyo anayemchinja mbuzi wake mara ya pili. Lella Habouba hakuuliza. Alivuka ukumbi taratibu mpaka niliposimama, akaniambia nisimkaribie tena maisha yangu yote. Niliumia, sifichi. Na nilikuwa nimevaa suti.

Jumanne, 16 Julai

Nanuka mafuta. Mjomba Hédi anasema vimkate vyangu vimeungua nje na ni vibichi ndani. Chumba changu kimejaa kuskusi ukuta hadi ukuta.

Alasiri Mama akaja kibandani anahema. Amekwenda mwenyewe kwa Lella Habouba, amemwangukia miguuni. Na Lella Habouba amelainika. Nimtumie wimbo ule wa Ijumaa, usioguswa, kesho aupeleke redioni. Nikifanya hivyo, nyimbo za msimu ni zangu na maneno ya harusini yameisha. Mama akanishika mashavu mbele ya wateja. Akasema bonyeza kuzima, tuma, basi. Usifikiri, mwanangu, leo tu usifikiri. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nilipofika nyumbani alikuwa ameshaanza kushusha kuskusi, gunia moja moja, na miguu yake ile mibovu.

Nimetuma. Ule ule wa Ijumaa, kama alivyotaka. Nimeuongezea mng'aro kidogo tu, maana redio za watu ni hafifu. Kidogo sana. Themanini kwa mia.