Mawe ya Kijani na Dirisha la Biro

Tangazo kwa raia wote: kuanzia leo, kila jiwe, unga ao mchanga wenye chuma ndani utakaa siku tatu dirishani pa Biro, katika chupa nyeupe ya kioo, mbele ya macho ya watu, ndipo upate ruhusa ya kutoka jimboni. Uwazi kwanza.

Tangazo hilo niliandika mimi Akonkwa, mukubwa wa Biro ya Uhakikisho wa Madini Madogo, hapa Bukavu. Watu walikuwa wanasema tunaficha mawe ya wenyewe. Ni maneno ya sokoni, lakini yanauma. Basi nikaleta dirisha.

Wa kwanza kufika alikuwa Larissa, binti wa mtaa wa Muhumba anayetafuta udaktari wa kemia. Alileta kasanduku keusi kamefungwa na utepe wa skochi. Ndani, alieleza, kuna chembe za kijani alizopika mwenyewe miezi minne: chuma kilichoshikana na asidi. Mwangaza ukizigusa, chuma kinaachana na wenzake. Huko Ulaya kuna mashine inayozipiga miale kama ile ya kupigia picha mifupa, ila kali kabisa, na kwa namna miale inavyotawanyika wanaona huko kuachana hatua kwa hatua. Mashine ilimpa masaa kumi na mawili tu, tarehe ishirini. Akiyakosa, udaktari umekwenda.

«Papa Shefu, tafazali, musifungue. Ikiona mwangaza, itakuwa kitu ingine.»

Nilimcheka kidogo, kwa upole wa kazi. Nikamwuliza sheria gani inaruhusu jiwe kubadilika bila kuandika barua. Nikafungua, nikaandika kwenye daftari: «Mawe ya kijani, yanang'aa, ya bei kubwa. Yamepokelewa na Mukubwa mwenyewe.» Saini, kashe, ule muhuri wa Biro. Chupa ikaenda dirishani. Larissa alilia pale pale mbele ya meza yangu. Kusema kweli nilimwonea huruma, nikampa namba moja ya foleni.

Kwa siku tatu jua lilipiga dirisha langu bila kupumzika. Siku ya nne akafika mukaguzi kutoka Kinshasa, Lucien, mtu asiye na maneno mengi. Alisoma daftari, akatazama chupa. Ndani mlikuwa na unga wa njano.

«Mawe ya kijani iko wapi, Shefu?»

Nikamwambia yamegeuka yenyewe. Mwangaza umeyagusa, chuma kimeachana na wenzake. Nilieleza vizuri, hata mikono nilitumia. Yeye akaandika: «Anadai mawe yameharibiwa na jua.» Akachukua funguo zangu na kashe, akanipa miezi sita ya kuleta ushahidi wa wataalamu, la sivyo, parke, kwa mwendesha mashtaka, kama mwizi.

Tarehe ishirini ilikuwa imekwisha kupita nilipopanda kwa miguu hadi maabara ya universite, jasho likinitoka. Larissa alikuwa anapika chembe mpya chini ya taa nyekundu. Aliniambia nifunge mlango, mwangaza unaingia. Nikaufunga mbio.

Hakunitukana. Ingekuwa afadhali anitukane. Alikuwa anaandikia wenye mashine ombi la pili, na amefika mahali wanapouliza utafiti huu utasaidia nani. Akanisomea jibu lake kwa sauti ya kawaida:

«Papa mumoja wa Bukavu. Tunataka kujua kama iko mwizi ao hapana.»

Nilimwomba aongeze, kama nafasi ingaliko, kwamba ni haraka.