Kirusi Kilichokosa Adabu

Umma unatangaziwa, wabishi wakiwemo, kwamba Kamati Kuu ya Kusimamia Mwenendo wa Virusi, ambayo katibu wake ni mimi, imemaliza kazi kwa mafanikio makubwa. Kelele mnazosikia mitaani ni za watu wasioyajua mafanikio hata wakikutana nayo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Viwavi walikuwa wanamaliza mahindi ya watu, yakiwemo ya shangazi yangu aliyenilea, ambaye shamba lile ndilo chakula chake cha mwaka mzima. Kila asubuhi alinipigia simu kuuliza kama kamati inangoja viwavi washibe. Nilimjibu kwamba mchakato unaendelea. Alikata simu bila kuaga.

Maabara yetu ilikuwa imepata kirusi kinachoua viwavi bila kumgusa binadamu. Mtaalamu, mama mmoja asiyecheka ovyo, alisoma vinasaba vyake vyote, herufi kwa herufi, akatuletea ripoti. Tulisinzia vizuri tu mpaka alipofika kwenye jeni moja. Hiyo, alisema, humfanya kiwavi mgonjwa apande hadi kileleni mwa mmea. Huko juu anavimba, anapasuka, na uozo wake unawadondokea walio chini, nao wanaugua.

Mwenyekiti, mtu wa tumbo lenye heshima zake, akavua miwani.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Ndivyo kilivyo."

Tukajadili kwa kina, chai ikaletwa, tukaazimia kwamba jeni hiyo ni uchochezi mtupu na iondolewe. Kila kiwavi afie kwenye ngazi yake. Mtaalamu akasema bila jeni hiyo ugonjwa hautaenea. Akaambiwa asiingize siasa kwenye sayansi.

Basi yakapatikana matoleo mawili. Lililorekebishwa likapelekwa, kama ilivyo ada, kwenye mashamba ya wanakamati. Lile lisilofaa, lililobaki na jeni yake, kwa kuwa kutupa mali ya umma ni kosa, likatengwa kwa ajili ya wananchi wa kawaida pekee. Kanuni hiyo niliiandika mimi, Mwenyekiti akaisaini kwa mbwembwe.

Kwa shangazi viwavi walipanda, wakapasuka, wakaisha. Mahindi yakachipua majani mapya, na kwa mara ya kwanza maishani nikaambiwa nina akili. Nilifurahi, sifichi. Kwa Mwenyekiti, viwavi wachache walikufa chini kwa adabu zote, wenzao wakawaruka na kuendelea kula.

Jana Mwenyekiti mwenyewe alikuja ofisini kwangu, bila dereva, viatu vina matope. Anataka lile lisilofaa, tena papo hapo, maana shamba limebaki vijiti. Nikamwambia mimi sina neno, ila kanuni ina swali moja.

"Mheshimiwa, wewe ni mwananchi wa kawaida?"

Akageuka kutazama mlango, asije akawepo mtu anayesikiliza. Kisha akainama mpaka karibu na sikio langu.

"Kidogo," akanong'ona.

Nikamfahamisha kwamba kanuni haina kidogo, na foleni ya wananchi wa kawaida inaanzia kule nje, juani.